Somo la Ukanushi

Ndiyo, bwana mkaguzi, andika:
naitwa Aikaruwa Mlay, mwalimu wa jioni.
Darasa langu ni ghala namba nne, stesheni ya Moshi,
palipokuwa pakilala magunia ya kahawa
kabla Himaya haijaja kuikata barafu ya Kibo
na kuipandisha mbinguni kwa ratili.

Waoru mliniletea wenyewe.
Arobaini na mmoja, migongo kama mawe ya kusagia,
macho yasiyo na kope,
harufu ya vumbi lililonyeshewa.
Mkasema: wafundishe amri, basi.
Beba. Shusha. Panga. Nyamaza.
Mkanipa chaki sanduku moja na mlinzi mwenye usingizi.

Katika lugha yao kukataa hakuna neno.
Mliwazalisha hivyo, nasikia, vizazi mia,
mkichambua koo kama sisi tunavyochambua buni.
Mworu akichoka, huanguka.
Hiyo ndiyo sentensi yake yote.

Lakini mimi ni mwalimu.
Siwezi kufundisha kitenzi upande mmoja
kama muuza kiatu cha kushoto.
Jumanne ile mvua ilipiga mabati, mlinzi akakoroma,
nikaandika ubaoni: TUNABEBA.
Chini yake, polepole: HATUBEBI.

Walitazama mpaka chaki ikaniyeyukia kiganjani.
Yule mdogo, tuliyemwita Mfongo
kwa kupenda kulala mferejini,
akagusa herufi ya mwisho kwa mkono wake wa sita:
A imekwenda wapi?
Imegeuka, nikamwambia.
Ukikataa kwa Kiswahili, hata mkia wa neno hugeuka.

Usiku ghala zima likavuma kama mzinga,
hatu, hatu, hatu,
akina mama wa Pasua wakadhani
kiwanda cha kukoboa kimewashwa tena.

Asubuhi msimamizi akasema: Beba.
Wakasimama.
Hatubebi, wakasema, bila kelele,
kwa matamshi safi (hilo sitaficha, nilijivuna).
Jua likapanda. Barafu ikaanza kutokwa jasho,
ikatiririka relini, ikavuka barabara,
watoto wa Majengo wakaja na ndoo, na sufuria, na kofia ya baba yao.
Miaka kumi na mmoja
hatukuwa tumeyanywa maji ya mlima wetu bila risiti.

Yaliyofuata mnayajua kuliko mimi.
Kwenye miezi ambayo siwezi kuitaja bila kujing'ata ulimi,
Waoru wa migodini, Waoru wa matanuru,
wakaacha vyombo chini wakasema neno lile lile,
kwa Kiswahili,
kwa lafudhi ya Kibosho.
Lafudhi yangu, bwana. Ndiyo mliyoifuata hadi mlangoni pangu.

Mwezi mmoja mmeuchoma.
Nilizimulika daftari zao usiku huo, nikahesabu:
kiambishi kimoja, herufi nne.
Sikujua anga lina bei hiyo.

Kabla hamjanikamata Mfongo alikuja,
ameshika jani la isale.
Kwetu anayekuja na isale anaomba msamaha,
na hanyimwi.
Aliniomba msamaha kwa pingu hizi, ambazo hazijafika bado.
Nilitaka kumpokonya lile jani nimpe yeye.
Kisha, mwanafunzi ni mwanafunzi, akatoa daftari.
Kuna kitu hakukielewa: ile -ja-.
Nikamweleza: hiyo inakanusha, ila ina mimba.
Sijala: nitakula. Hajafika: weka chai jikoni.
Akafikiri. Akaandika, akanisomea:
Hatujawa huru.
Nikatafuta kosa nimsahihishe.
Sikulipata.

Sasa unaniuliza kama najuta.
Kwa mwezi ule, ndiyo, kila nikifumba macho. Liandike hilo.
Kwa somo,
angalia usikosee wakati, bwana mkaguzi:
usiandike sijajuta.
Andika sijuti.